Mfuko wa nyongo umeziba na kisu hakiwezekani: usaha utolewe kwa njia ipi?

Bibi mmoja, tuseme ana miaka 84, yuko kitandani siku ya tatu na homa haijashuka. Moyo wake husukuma damu kwa shida, anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, na akipanda ngazi chache tu hulazimika kukaa chini apumue. Daktari anambonyeza chini ya mbavu za kulia na kumwambia avute pumzi. Pumzi inakatikia njiani kwa maumivu. Hiyo ndiyo dalili ya Murphy, iliyochukua jina la mpasuaji John Benjamin Murphy wa Chicago, na hata leo vidole vya daktari huitafuta kabla ya mashine yoyote. Altrasaundi inathibitisha kilichoshukiwa: mfuko wa nyongo umetanuka, ukuta wake umekuwa mnene, na jiwe limekwama shingoni mwa mfuko.

Mgonjwa mwenye nguvu zake angeondolewa mfuko huo kwa upasuaji wa matundu madogo ndani ya siku chache, mambo yakaisha. Kwa bibi huyu, daktari wa usingizi ametikisa kichwa. Ndipo familia inapoambiwa: "Basi tutamwekea mrija."

Mrija ni neno dogo lenye mambo mengi ndani yake. Kuna mrija unaopita kwenye ngozi na kumwaga nyongo kwenye kifuko cha nje. Kuna unaopandishwa kutoka utumboni kwa kufuata njia ya asili ya nyongo. Kuna na wa tatu, ambao kwa kweli ni mlango mpya unaotobolewa kati ya mfuko wa nyongo na tumbo la chakula. Watu wengi, hata baadhi ya madaktari, wakiziweka njia hizi mezani huuliza ipi iliyo bora. Naona swali hilo linatangulia mahali pake. La kuulizwa kwanza ni hili: mgonjwa huyu atakuja kupasuliwa baadaye, au hatapasuliwa kamwe? Jibu la hapo ndilo linaloamua mengi ya yanayofuata.

Chupa yenye shingo moja

Ini hutengeneza nyongo kiasi cha mililita 600 hadi 1000 kwa siku. Mfuko wa nyongo, ulioning'inia chini ya ini, hubeba mililita 30 hadi 50 tu. Kazi yake ni kuipunguza maji nyongo hiyo, kuikoleza, na kuikamua itoke tunapokula chakula chenye mafuta. Shida iko kwenye umbo lake. Inapoingilia nyongo ndipo inapotokea: kamrija kamoja kembamba, chenye mikunjo ya ndani inayozunguka kama parafujo. Ni chupa yenye shingo moja.

Jiwe likikwama kwenye shingo hiyo, hakiingii kitu wala hakitoki. Lakini ukuta wa mfuko hausimamishi kazi. Unaendelea kutoa ute. Shinikizo linapanda, mishipa ya damu ya ukuta inabanwa, ukuta wenyewe unavimba. Siku za kwanza uvimbe huo ni wa kemikali za nyongo kuliko wa wadudu. Bakteria hufuata, mara nyingi wale wa utumboni kama Escherichia coli, Klebsiella na Enterococcus, na hapo nyongo hugeuka usaha. Katika wagonjwa zaidi ya 9 kati ya 10 chanzo ni mawe. Waliobaki hawana jiwe lolote. Wengi wao ni wagonjwa mahututi waliolala muda mrefu bila kula, mfuko ukadorora na nyongo ikaganda humo. Hao tutawarudia, kwa sababu hesabu yao ni tofauti.

Kwa nini dawa peke yake zisitoshe? Mara nyingine hutosha, na ndiyo maana huanza zenyewe: antibayotiki, maji ya mshipani, dawa za maumivu. Lakini antibayotiki husafiri na damu, na mfuko uliobanwa hupata damu kidogo. Aliyewahi kuwa na jipu anaelewa: dawa hupunguza moto wa pembeni, ila mpaka usaha utoke, kupona ni kwa kuvizia. Ikipita siku moja hadi tatu bila nafuu, au shinikizo la damu likianza kushuka na mkojo kupungua, madaktari huacha kusubiri.

Bobbs na Langenbuch

Historia fupi inasaidia hapa, maana mjadala wa leo ni wa zamani uliovaa nguo mpya. Mwaka 1867, mjini Indianapolis, John Stough Bobbs alimpasua mwanamke mwenye uvimbe tumboni ambao asili yake haikujulikana. Akakuta ni mfuko wa nyongo uliojaa mawe. Aliufungua, akayatoa, akaushona, akauacha mahali pake. Miaka 15 baadaye, mwaka 1882, Carl Langenbuch wa Berlin alikwenda mbali zaidi: aliutoa mfuko wote. Hoja yake ilikuwa kwamba mfuko hautolewi kwa sababu unabeba mawe, bali kwa sababu ndio unaoyazalisha. Mwaka 1985 Mjerumani mwingine, Erich Mühe, aliutoa kwa kupitia matundu madogo, na upasuaji huo ukaenea dunia nzima.

Langenbuch alishinda. Kutoa mfuko ndiyo tiba. Kila njia ya kuweka mrija ni kurudi kwa Bobbs: tunatoa kilichomo, kiwanda tunakiacha. Mwenye kulikumbuka hilo hatashangaa akisikia kwamba baada ya mrija kutolewa maradhi yamerudi.

Kupitia ngozi na ini

Njia hii ndiyo kongwe kati ya hizi tatu, ndiyo inayopatikana sehemu nyingi, na ndiyo bibi yetu angepata kama angelazwa kwenye hospitali isiyo na mtaalamu wa endoskopi (kamera ndefu inayopitishwa mdomoni) za hali ya juu. Mtaalamu wa radiolojia huweka kifaa cha altrasaundi ubavuni, anachoma sindano ya ganzi kwenye ngozi, kisha anaingiza sindano ndefu huku akiiona kwenye skrini ikisogea kama uzi mweupe kuelekea kwenye duara jeusi, ambalo ndilo mfuko uliojaa. Ncha ikiingia, anavuta kidogo kwa bomba la sindano. Hiyo ni dakika ya kuangalia rangi. Huja nyongo nyeusi nzito kama lami, au usaha wa njano, na mara nyingine maji meupe kabisa, ishara kwamba mfuko ulikuwa umefungwa kwa muda hata rangi ya nyongo imenyonywa yote. Sampuli inakwenda maabara. Waya laini unapitishwa ndani ya sindano, sindano inatolewa, na juu ya waya unateleza mrija wenye unene wa milimita 3 hivi. Ncha ya mrija hujikunja kwa uzi wa ndani unaovutwa na kufungwa, ili usichomoke. Utaratibu huu wa sindano, waya, kisha mrija ulibuniwa na Msweden Sven-Ivar Seldinger mwaka 1953 kwa ajili ya mishipa ya damu.

Msomaji anaweza kushangaa kusikia kwamba sindano mara nyingi hupitishwa ndani ya ini kwa makusudi. Kwa nini kutoboa kiungo kizima ili kufikia kingine? Kwa sababu nyama ya ini huukumbatia mrija. Nyongo ikitaka kuvuja pembeni, haipati uwazi wa kupita kwenda kwenye nafasi ya tumbo, na mrija wenyewe hushikika vizuri zaidi. Kupita moja kwa moja bila kugusa ini hupunguza hofu ya damu kuvuja kutoka kwenye ini, lakini huongeza ile ya nyongo kumwagika, na utumbo mpana ulio jirani unaweza kutobolewa. Kwa mwenye maji mengi tumboni au damu isiyoganda, njia zote mbili zina walakini.

Sifa kubwa ya mrija wa ngozini ni kwamba hauhitaji nusukaputi. Unaweza kuwekwa kitandani, kwenye chumba cha wagonjwa mahututi, kwa mtu ambaye hata kumgeuza ubavu ni hatari. Kuufikisha mfukoni hufanikiwa karibu kila mara, na homa huanza kushuka ndani ya siku mbili tatu. Kama lengo ni kumvusha mtu usiku wa leo, ni vigumu kuupita.

Matatizo yake huja asubuhi zinazofuata. Mrija uko nje. Unavutwa na nguo, unalaliwa, unakunjika, unaziba kwa tope la nyongo, unachomolewa na mzee aliyechanganyikiwa usiku. Ngozi kuuzunguka huwasha. Kifuko hujaa na kumwagwa, hujaa na kumwagwa. Wauguzi huusafisha kwa mililita 5 hadi 10 za maji ya chumvi yaliyosafishwa, wakiingiza taratibu bila kulazimisha. Ukitoka kabla njia yake haijakomaa, jambo linalochukua wiki kadhaa, nyongo inaweza kumwagika tumboni na kuleta maumivu makali ya ghafla. Ndiyo maana familia huambiwa mrija ukichomoka usirudishwe kwa mkono. Pafunikwe kwa kitambaa safi na mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Hata wakati wa kuutoa kwa mpango, ule uzi wa ndani lazima ufunguliwe kwanza. Kuuvuta tu ni kukwaruza.

Jambo moja huwababaisha sana walezi, nami naona halielezwi vya kutosha. Siku za mwanzo kifuko huweza kuwa na majimaji machache tu, kisha ghafla kikaanza kujaa nyongo ya kahawia yenye dhahabu. Watu hudhani hali imeharibika. Mara nyingi ni kinyume. Mfuko wa nyongo hautengenezi nyongo. Huipokea kutoka kwenye ini. Ikiwa nyongo halisi inafika kwenye kifuko cha nje, maana yake shingo iliyokuwa imeziba imefunguka. Jambo la kuangalia basi ni kwamba maji na chumvi vinapotea, na mgonjwa wa moyo au figo anahitaji kufuatiliwa kwa hilo.

Kupanda kwa njia ya asili

Njia ya pili haitoboi kitu. Endoskopi yenye jicho la pembeni hushushwa mdomoni, ikapita tumbo la chakula hadi duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba, pale penye kichuchu kidogo ambapo nyongo humwagikia utumboni. Waya hupandishwa kwenye mrija mkuu wa nyongo, kisha hutafutwa tundu la kile kamrija chenye parafujo. Hapo ndipo fundi hupimwa. Kwenye picha za eksirei waya huonekana ukigonga, ukijikunja, ukirudi nyuma, ukijaribu tena kwa pembe nyingine. Jiwe limekaa njiani, mikunjo inaelekea huku na huku, na kusukuma kwa nguvu kunaweza kutoboa. Waya ukifanikiwa kuingia mfukoni, stenti, yaani kijimrija kinachoachwa ndani kushikilia njia wazi, nyembamba ya plastiki, milimita 2 hivi, huwekwa ncha moja mfukoni na nyingine duodeni, zote zimejikunja kama mkia wa nguruwe ili zisiteleze.

Hata kwenye mikono yenye uzoefu, wagonjwa wawili hivi kati ya kumi waya hauingii. Upo pia ugonjwa wa kongosho, kwa sababu mrija wa kongosho unafungukia kichuchu hicho hicho na hukasirika ukiguswaguswa. Kwa mtu aliyeingia akiwa hoi, kongosho kuvimba si jambo dogo.

Basi nani angeichagua? Mgonjwa wa ini lililosinyaa, tumbo limejaa maji, damu haigandi, jina lake liko kwenye orodha ya kupandikizwa ini jingine. Huyu hutaki kumtoboa popote. Pia mgonjwa mwenye jiwe jingine kwenye mrija mkuu wa nyongo, macho yamekuwa ya njano, ambaye angefanyiwa endoskopi hiyo hiyo kwa vyovyote. Safari moja inamaliza kazi mbili. Na yule ambaye kuna matumaini ya kweli kwamba atapasuliwa baada ya wiki kadhaa, maana njia hii haiachi tundu lolote wala kovu la kumsumbua mpasuaji.

Kuna swali dogo ninalolipenda: stenti ya milimita 2 itapitishaje usaha mzito bila kuziba? Huziba. Ila nyongo hupita pia pembeni mwake, kati ya stenti na ukuta wa kamrija, kwa sababu stenti huzuia jiwe lisirudi kukaba shingo kikamilifu. Ni kama kijiti kilichowekwa mlangoni usijifunge. Kwa wazee wengine huachwa humo muda mrefu kwa sababu hiyo.

Mlango mpya

Njia ya tatu ni ya karne hii. Mwaka 2007 zilichapishwa taarifa za kwanza za madaktari waliotumia endoskopi yenye altrasaundi nchani kuuona mfuko wa nyongo kutokea ndani ya tumbo la chakula, wakautoboa kutokea humo humo. Wazo ni rahisi ukiliwaza: mfuko wa nyongo na tumbo la chakula ni majirani wa ukuta kwa ukuta. Kwa nini tuzunguke hadi kwenye ngozi?

Ugumu ulikuwa kuvishika viungo viwili visiachane, maana mfuko ukisinyaa baada ya kumwagika huweza kujivuta na kuacha mwanya unaovujia kwenye nafasi ya tumbo. Jibu lilikuja na stenti ya chuma ya umbo la kigurudumu cha uzi wa kushonea: kiuno kifupi katikati, midomo miwili mipana pembeni. Mdomo mmoja hufunguka ndani ya mfuko wa nyongo, mwingine ndani ya tumbo la chakula au duodeni, na kiuno kinazivuta kuta mbili zigusane hadi zishikane. Zile za kisasa zina ncha ya umeme inayokata njia yake yenyewe. Stenti ikifunguka, kamera huonyesha usaha ukibubujika kuingia tumboni. Upana wa tundu ni milimita 10 hadi 15, na hapo fizikia inakuwa upande wa mgonjwa: kwa mrija laini, ukiongeza kipenyo mara mbili, mtiririko kwa shinikizo lile lile huongezeka mara 16. Mawe madogo hudondoka yenyewe. Makubwa yanaweza kufuatwa baadaye kwa endoskopi inayoingia hadi ndani ya mfuko na kuyavunja.

Mgonjwa haondoki na kitu chochote nje ya mwili. Utafiti wa Korea uliochapishwa mwaka 2012, uliolinganisha njia hii na mrija wa ngozini kwa wagonjwa 59 waliogawanywa kwa kura, ulikuta mafanikio sawa, ila maumivu baada ya kazi yalikuwa madogo zaidi kwa waliotobolewa kwa ndani.

Ushahidi mzito zaidi ulitoka kwenye utafiti uliofahamika kama DRAC 1, ulioongozwa kutoka Hong Kong na kuchapishwa mwaka 2020. Wagonjwa 80 wenye hatari kubwa ya upasuaji waligawanywa kwa kura, nusu mrija wa ngozini, nusu stenti ya ndani. Kufanikiwa kuweka na kutuliza ugonjwa kulikuwa karibu sawa. Tofauti ilionekana kadiri siku zilivyokwenda. Ndani ya mwaka mmoja, waliopata tatizo lolote lililotokana na matibabu au ugonjwa wenyewe walikuwa asilimia 77.5 kwenye mrija wa ngozini na asilimia 25.6 kwenye stenti. Waliolazwa tena bila kupangwa: asilimia 50 dhidi ya 15.4. Waliorudiwa na maambukizi ya mfuko: asilimia 20 dhidi ya 2.6. Vifo ndani ya siku 30 havikutofautiana kwa maana.

Ukiziona namba hizo peke yake, ungesema mjadala umefungwa. Haujafungwa. Kwanza, kazi hii inataka mtu aliyeifanya mara nyingi. Stenti ikifunguka mahali pasipo, mgonjwa asiyeweza upasuaji anajikuta na tundu tumboni linalohitaji upasuaji. Pili, inahitaji usingizi wa kiasi fulani, na mtu aliye kwenye dawa za kupandisha shinikizo la damu huenda asihimili hata huo. Tatu, maji mengi tumboni huzitenga kuta mbili zisishikane, na umbali unaozidi sentimita 1 hivi huharibu mpango. Nne, chakula huweza kuingia kwenye stenti na kuiziba, hasa ikitokea tumboni kuliko duodeni. Ndiyo maana wengine huweka ndani yake vistenti vya plastiki vyenye mikia, au huiondoa ile ya chuma baada ya wiki kadhaa na kuviacha hivyo peke yake.

Na tano, ambalo ndilo lililonifanya nianze na swali la upasuaji: tundu hili ni la kudumu kwa makusudi. Mpasuaji akija miezi mitatu baadaye atakuta mfuko umeungana na tumbo au duodeni, na kabla ya kuutoa itabidi autenganishe na kuliziba tundu. Wapo waliofanya hivyo salama, na tundu la tumboni ni rahisi kulishona kuliko la duodeni. Hata hivyo hakuna mpasuaji anayelipenda zoezi hilo. Stenti ya ndani ni ahadi. Ukishaiweka umekwisha kusema, kwa kiasi kikubwa, kwamba huyu hatapasuliwa.

Lakini nani aliyesema hapasuliki?

Hapa ndipo ningependa familia nyingi zaidi ziulize, kwa heshima, lakini ziulize. "Hawezi upasuaji" si kipimo cha maabara. Ni uamuzi, na maamuzi hutofautiana kati ya daktari na daktari, kati ya saa nane za usiku na saa nne za asubuhi. Umri peke yake hautoshi kuwa sababu.

Utafiti wa Uholanzi uitwao CHOCOLATE, uliochapishwa mwaka 2018, uliwachukua wagonjwa 142 wa mawe waliohesabiwa kuwa na hatari kubwa. Wengine walipasuliwa kwa matundu madogo, wengine waliwekewa mrija wa ngozini. Ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu tofauti ilikuwa kubwa mno: matatizo makubwa yaliwapata asilimia 12 ya waliopasuliwa na asilimia 65 ya waliowekewa mrija. Waliohitaji kushughulikiwa tena walikuwa asilimia 12 dhidi ya 66. Waliorudiwa na maradhi ya nyongo, asilimia 5 dhidi ya 53. Na vifo, ambavyo ndivyo mrija ulitarajiwa kuvizuia, havikupungua kwenye kundi la mrija: walikufa asilimia 3 ya waliopasuliwa na asilimia 9 ya wa mrija, tofauti isiyotosha kitakwimu kusema upande upi ni salama zaidi.

Isisomwe vibaya. Waliokuwa na hali mbaya kupita kiasi hawakuingizwa kwenye utafiti huo, kwa hiyo haumwambii mtu ampasue kila mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia. Unachosema ni kwamba kundi la katikati, wale wenye maradhi mawili matatu ambao tulizoea kuwawekea mrija kwa kuwa tunaogopa, wengi wao wangefaidika zaidi kwa kupasuliwa na timu yenye uzoefu. Mwongozo wa Tokyo, unaotumiwa na madaktari wa nchi nyingi, katika toleo la mwaka 2018 ulilegeza msimamo: hata mwenye hali kali anaweza kupasuliwa mapema, kwa masharti, kwenye kituo chenye uwezo. Kwa asiyepasulika, mwongozo huo uliuweka mrija wa ngozini kama chaguo la kawaida, na njia mbili za endoskopi kwa vituo vyenye mafundi waliobobea. Utafiti wa Hong Kong ulikuja baada yake.

Ndugu zetu wasio na mawe, wale wa chumba cha mahututi, nao wanavuruga kanuni. Kwao mfuko haukuzibwa na jiwe bali na udhaifu wa mwili wote. Mwili ukipona, kilichosababisha kimeondoka. Mrija wa ngozini unaweza kuwa ndiyo tiba kamili: unawekwa, unakaa wiki kadhaa, unatolewa, na wengi hawahitaji upasuaji wowote. Kuwachongea mlango wa kudumu kungekuwa kupita kiasi.

Turudi kwa bibi

Ana jiwe. Moyo wake hautarudi kuwa wa miaka 50. Hana maji tumboni. Macho si ya njano, kwa hiyo endoskopi ya kichuchu haina kazi ya pili ya kufanya, na waya unaweza kukataa. Kama yuko kwenye kituo chenye mtaalamu wa stenti za ndani, shinikizo lake la damu limetulia, na dawa za kuzuia damu kuganda zinaweza kusimamishwa kwa muda, mimi ningeegemea stenti, kwa sababu nimekubali kwamba hatapasuliwa na sitaki amalizie miaka yake na kifuko kiunoni.

Kama shinikizo linashuka usiku huu na mtaalamu huyo yuko mji mwingine, anawekewa mrija wa ngozini, tena upesi. Si kushindwa. Mrija huo unaweza kubadilishwa kuwa stenti ya ndani baada ya wiki chache, akiwa ametulia na mfuko umepoa, ingawa mfuko uliosinyaa ni mgumu zaidi kuulenga. Wiki ya nne hadi ya sita hupitishwa dawa ya rangi kwenye mrija na kupigwa eksirei. Rangi ikishuka hadi utumboni, shingo imefunguka; ikigoma shingoni mwa mfuko, jiwe bado lipo na mrija haujamaliza kazi. Picha hiyo ndiyo inayosahaulika zaidi. Mgonjwa huruhusiwa, karatasi ya kuondokea inasema "ana mrija", haisemi nani ataupiga picha, lini, wala nani ataamua kuutoa, na miezi minne baadaye mtu anakuja dirishani akiwa bado nao, amejifungia kiunoni kwa plasta, akiuliza kama ni wa maisha.

Siku hiyo ya picha ndipo pia daktari wa usingizi anapopaswa kuitwa tena amwangalie bibi. Alitikisa kichwa akimwona ana homa ya nyuzi 39 na mapigo 120 kwa dakika. Wiki ya tano, akiwa amekaa kitini akinywa uji, huenda akaona mgonjwa mwingine.